Kiswichi Chekundu na Udi wa Mchana

Jumatatu, 3 Februari

Kompyuta imeingia nyumbani! Imepitia mlango wa uani, imefunikwa kanga kama mgonjwa. Fundi Tahiri wa Ngamiani kaileta mwenyewe kwa bajaji. Tumebadilishana: yeye kachukua feni yangu ya kusimama, mimi nimechukua kompyuta, kioo chake na kibodi isiyo na herufi Q. Nikamuuliza Q iko wapi. Akaniuliza mimi Q naitaka ya nini. Nikafikiri. Kweli, ya nini? Kiswahili hakina Q.

Nimefurahi mpaka nimesahau kula.

Mwalimu Blessing wa chekechea ya mtaani kwetu kaondokewa na mtu wake wa kuchapa. Anataka karatasi za jaribio la watoto, zenye picha za embe, bata, tembo, na maneno makubwa chini yake. Printa anayo. Anachotaka ni kazi ndani ya flashi, Ijumaa kabla ya adhuhuri. Zikimpendeza, kazi ya mwaka mzima ni yangu, naifanyia hapa hapa chumbani. Zisipofika, mwezi ujao naingia kiwanda cha kufungasha maji, zamu ya alfajiri. Mume wangu Masoud keshanitafutia nafasi huko. Mama mkwe keshasema atabaki na Shahd.

Shahd ana miezi minane. Bado ananyonya. Akiamka hunitafuta kwa mkono kabla hajafumbua macho.

Siendi kiwandani. Basi.

Tahiri kaniusia jambo moja kabla hajaondoka. Lile boksi la chuma la nyuma, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia kompyuta, wao wanaliita pawasaplai. Hili limetoka ng'ambo kwenye kontena, hajalipima. Kasema nisichomeke chochote mpaka aje kesho asubuhi na mita yake. Nikamwambia hana haja ya kunirudiarudia kama mtoto.

Furaha nyingine: feni imeondoka! Nyumba hii ya mama mkwe ina mita moja ya luku na wanawake watatu. Wifi yangu Bimdogo ana cheti cha ufundi umeme, na haipiti wiki bila kutukumbusha. Kwa muda mrefu anamwambia mama kwamba feni yangu ndiyo inayokula luku. Mimi namwambia mama ni pasi yake. Sasa feni haipo. Tuone atamsingizia nani!

Joto kali. Shahd kalala na pampasi peke yake. Nampepea kwa kifuniko cha sufuria.

Jumanne, 4 Februari

Asubuhi imepita, Tahiri hajaja. Nimekaa naitazama kompyuta, na yenyewe inanitazama.

Nikaizungusha. Nyuma, kwenye lile boksi, pana kiswichi kidogo chekundu. Kimeandikwa 230. Nikakisukuma kwa ncha ya kisu cha mezani. Kikasogea. Chini yake pameandikwa 115.

Nusu!

Yaani watu wa ng'ambo wana akili. Ukitaka ile kubwa, unaweka kubwa. Ukitaka kubana matumizi, unaweka ndogo. Luku itakwenda nusu! Bimdogo na cheti chake chote kilichowekwa fremu hajawahi kutuambia habari hii. Nikacheka peke yangu. Nikakiacha kwenye 115. Nikamweka Shahd kwenye mkeka wa barazani, nje ya mlango. Nikachomeka.

PAA!

Cheche ya bluu. Moshi. Umeme wa nyumba nzima ukakatika. Redio ya mama mkwe ilikuwa katikati ya mawaidha, ikakatwa ulimi. Bimdogo akapiga kelele chumbani kwake, "Nani kagusa nini?" Nikajibu nadhani ni mtaa mzima. Akasema mbona kwa jirani televisheni inaongea. Nikasema labda ina betri.

Akaenda kuinua swichi kubwa ya ukumbini. Umeme ukarudi. Namshukuru Mungu, Shahd alikuwa mbali. Alishtuka kidogo, kisha akacheka, akadhani ni mchezo.

Tatizo likawa harufu. Sijui niielezee vipi. Kama dagaa walioungua pamoja na ndala. Nikajua Bimdogo akiinusa tu, nimekwisha. Akili ikanijia. Nikachukua chetezo, nikatia makaa, nikatupia udi, ule mzuri uliobaki tangu arobaini ya Shahd. Chumba chote kikanukia. Dagaa na ndala kwisha habari.

Kisha nikalitoa lile boksi kwenye kompyuta, skrubu nne tu. Nikataka kulifungua lenyewe nione ndani. Kisu cha mezani kikapinda. Skrubu zake zimekaza. Nikaliacha.

Ndipo nikakumbuka! Mwaka jana simu ya Bimdogo ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Tukaitia kwenye mchele. Ikapona. Nikaenda stoo, nikalifukia boksi kwenye pipa la mchele, chini kabisa. Linapona na limefichwa. Kazi mbili kwa mpigo mmoja!

Tahiri kafika alasiri na mita yake. Nikamwambia mlangoni tumeshapima, liko salama salimini. Akauliza nani kapima. Nikamwambia wifi yangu, ana cheti.

Mama mkwe jioni hii ananitazama kwa tabasamu ambalo silielewi. Kanipa kipande kikubwa cha samaki.

Jumatano, 5 Februari

Nimelielewa tabasamu.

Asubuhi mama mkwe kamtuma Bimdogo sokoni: nazi, viungo, nyanya. Nikamuuliza tuna mgeni? Akanifinya shavu. Akasema nisijitie haya, mwanangu, hata wao walikuwa wasichana. Udi wa mchana, tena siku ya Jumanne, katika nyumba hii maana yake ni moja tu: mume yuko njiani.

Yarabi.

Masoud anapika kwenye nyumba ya wageni huko Ushongo. Huja mwisho wa mwezi. Huu ndio kwanza mwanzo wake.

Mama mkwe tayari kampigia simu kumuuliza atakuja na samaki gani. Masoud ndiyo kwanza anasikia kwamba anakuja. Dakika haikupita, simu yangu ikalia. Kaniuliza kwa sauti tamu, tamu kupita kiasi, hali ya hewa Tanga ikoje. Nikasema joto. Akasema aa. Kisha akauliza, "Na udi ule ulikuwa wa nani, mama Shahd?"

Nikasema nilikuwa nafukiza nguo. Akauliza nguo gani. Nikasema zako. Akasema nguo zake zote anazo yeye Ushongo. Nikasema mtandao unakatika. Nikaukata.

Ningemwambia kweli? Ningemwambia nimeunguza kompyuta kabla haijawaka hata mara moja? Angeniambia, basi, mke wangu, kiwandani. Angeniambia kwa upole, na huo upole ndio ungenimaliza.

Nimekwenda stoo mara kadhaa kulikagua boksi. Limejaa vumbi la mchele. Halijabadilika. Simu ya Bimdogo ilikaa humo muda gani? Siwezi kumuuliza.

Mwalimu Blessing kapita dirishani. Kaniuliza karatasi zimefika wapi. Nikamwambia zinakwenda vizuri, nimebakiza tembo. Akafurahi. Akasema tembo asiwe na pembe zenye ncha sana, watoto huogopa. Nikamwambia nitamtengenezea tembo mpole.

Sina hata embe.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya kusahau, lakini naiandika.

Masoud kaja. Kaomba ruhusa, kapanda bodaboda mpaka Pangani, akatafuta gari, kafika saa za adhuhuri na changu wawili na uso wa askari. Kanisalimia. Kambusu Shahd. Kisha kaangusha kofia kwa makusudi, akainama kuiokota, akatazama uvunguni! Akatazama na nyuma ya mlango. Nikajifanya nakunja nepi. Mwisho akasimama pale ilipokuwa feni. Akauliza feni iko wapi. Nikafungua mdomo.

Sikupata nafasi ya kusema. Stooni mama mkwe akapiga ukelele. Mwanawe kaja, kaenda kuchota mchele wa pilau, mkono umegonga chuma.

"Mwanasiti! Kuna nini kwenye mchele wangu?"

Wote tukakusanyika. Boksi likatolewa kama mtoto aliyetumbukia kisimani, mchele unamdondoka masikioni. Bimdogo akalichukua. Akaligeuza. Akakiona kiswichi chekundu. Akanusa. Akanitazama mimi, akatazama chetezo nilichokirudisha pembeni pa stoo, akalitazama tena boksi. Nikaona jinsi kila kitu kinavyopangika kichwani mwake.

Akakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya stoo, akacheka mpaka mtandio ukamtoka.

Nikasema yote. Feni, Tahiri, 115, udi, mchele. Mama mkwe akauliza kwa masikitiko, kwa hiyo hakuna mjukuu mwingine njiani? Masoud akaegemea ukuta, akapumua kama mtu aliyetua gunia. Akaanza kucheka naye. Hapo mimi nikakasirika. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba siku nyingine akitaka kujua udi ni wa nani, aniulize mimi, asiulize uvungu. Kicheko kikakoma. Akasema nisamehe, mke wangu. Nikamwambia yamekwisha, mshike mtoto.

Kisha nikasema lililonikaa kooni. Kesho adhuhuri Mwalimu anataka kazi. Isipofika, naingia kiwandani, na Shahd ataamka asubuhi anipapase asinikute.

Bimdogo akasema linaweza kupona. Lakini ana sharti. Nimwambie mama, hapa hapa, kwamba pasi yake haili luku.

Nikatafakari. Nikamwambia mama kwamba pasi ya Bimdogo haili luku yote.

Akakubali. Ana haraka ya kujionyesha, namjua.

Kazi ilifanyika barazani, kwenye meza ya mbao iliyokauka. Kwanza akamfukuza Masoud na mtoto mpaka uani. Akavaa ndala za mpira, akavua bangili zote. Akaniuliza kama nilijaribu kulifungua siku ile ile. Nikasema kisu kilipinda. Akaacha kucheka. Akanionyesha, baada ya kufungua, vikopo viwili vinene vimesimama kama betri. Akasema hivyo ndivyo vinavyoweka umeme. Unachomoa waya ukutani, wewe unadhani limekufa, kumbe vyenyewe bado vimeshiba. Ningevigusa Jumanne, vingenitupa. Ndiyo maana fundi huliacha kwanza likae bila waya, kisha hupima kwa mita hata kama limekaa. Akapima. Sifuri. Hapo ndipo akagusa.

Nikafikiria Jumanne. Nikafikiria Shahd pale mkekani. Nikasema nakwenda kunywa maji.

Ndani ya boksi mlikuwa na mchele mwingi kuliko vifaa. Akautikisa. Fyuzi imekuwa nyeusi, kidude cha bluu kama kifungo kimepasuka, na vile vikopo viwili vimevimba vichwa. Nikapendekeza fyuzi tuizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nimeona watu wakifanya. Alinitazama mtazamo ambao sitaki kuuandika. Akasema fyuzi kazi yake ni kufa kwa niaba yetu. Ukiweka isiyokufa, tunakufa sisi. Iwe ya namba ile ile. Nikatumwa kwa Tahiri.

Tahiri akanipokea kwa kuuliza cheti cha wifi yangu kinaendeleaje. Nikavumilia. Kanipa vipuri kutoka kwenye boksi lake bovu, na salamu.

Bimdogo akachomea vipya. Lakini hakuchomeka ukutani hivi hivi, la! Kwanza kakirudisha kiswichi kwenye 230. Kisha akaleta balbu ya zamani, ile ya waya, akaiunga kwenye njia ya umeme, upite kwenye balbu kwanza ndipo ufike kwenye boksi. Akasema ikiwaka kali ikabaki hivyo, ndani bado kuna ubovu, na balbu itaubeba badala ya nyumba. Ikipepesa mara moja ikafifia, tumeshinda. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo. Akachomeka.

Balbu ikapepesa. Ikafifia.

Tukapiga kigelegele! Mama mkwe akapiga cha nguvu, hajui hata cha nini.

Kisha akachukua kibanio cha nywele, akakinyoosha, akaunga waya wa kijani na waya mweusi kwenye ile plagi kubwa ya nyaya nyingi. Akasema ndivyo boksi linavyoamshwa bila kompyuta. Kalifungia na kile chombo cha kusomea CD lisiamke bila kazi. Feni yake ndogo ikazunguka. Punje moja ya mchele ikarushwa nje, ikampiga Bimdogo kwenye pua. Sikucheka. Nilicheka kwa ndani. Akapima kwa mita: waya wa njano volti kumi na mbili, mwekundu tano, wa rangi ya chungwa tatu na kidogo. Vyote sawasawa.

Mwisho kanieleza kuhusu kile kiswichi. Namba ile si kiasi cha kula. Ni kuliambia boksi litarajie nini kutoka ukutani. Kwetu ukuta unatoa mia mbili na thelathini, upende usipende. Ukiliambia 115, ni kama kumwambia mgeni mchuzi una pilipili moja, kumbe umetia kumi. Akakifunika kiswichi kwa gundi, kisiguswe tena milele.

Nimeelewa. Nimemshukuru wifi yangu kwa mdomo wangu wote. Na luku je, nikamuuliza. Akafunga mkoba wa vifaa akaondoka.

Pilau ilipikwa kwa mchele wa jirani.

Ijumaa, 7 Februari

Nimechapa toka alfajiri. Masoud kambeba Shahd, kamzungusha uani mpaka yeye mwenyewe kasinzia amesimama. Embe. Bata. Tembo mpole. Vidole vinauma.

Kompyuta inapuliza upepo wa moto kwa nyuma. Mama mkwe kaja kunitazama, kauliza kwa hiyo hii ndiyo feni mpya?

Karibu na kumaliza, Shahd kalia. Si kilio cha njaa, ni kile cha kunitaka mimi. Nikampokea, nikampakata, nikamalizia kwa mkono mmoja. Kapiga kibodi kwa kiganja. Pakatokea mstari mzima wa herufi. Nikafuta. Moja imebaki chini ya bata, nimeikumbuka flashi imeshaondoka.

Flashi imefika mezani kwa Mwalimu Blessing watu wanakwenda msikitini. Kaishika, kasema atatazama.

Nimerudi, nimelala huku nimeuma kanga kwa wasiwasi.

Jumapili, 9 Februari

Kapiga simu! Kazi ni yangu, mwaka mzima! Tembo kampenda. Kauliza tu kwa nini chini ya bata pameandikwa BATAH. Nikamwambia ni ya Shahd. Kacheka, kasema Shahd aendelee kujifunza.

Masoud kawapigia kiwandani kwa mdomo wake mwenyewe, kawaambia mke wangu ana kazi. Neno lile lile, kazi. Kisha kaondoka kurudi Ushongo. Mlangoni kaniambia mwisho wa mwezi atakuja kwa udi halali. Nikamsukuma.

Shahd kaamka leo asubuhi, kanipapasa, kanikuta. Kalala tena.

Mimi sasa ni mtu wa umeme. Naona mambo ambayo zamani nisingeyaona. Mfano: Bi Mboni, dada yake mama mkwe, karudi umra jana, kagawa zawadi. Bimdogo kapata marashi. Mimi nimepata pasi ndogo ya safari, nzuri, inaingia kwenye mkoba. Bimdogo kaenda harusini Muheza mpaka jioni, nami kesho nataka kwenda kwa Mwalimu na buibui lililonyooka.

Nimeigeuza pasi. Kwenye mpini pana kiswichi kidogo. 220 na 110. Hakina gundi.

Sasa, mimi si mjinga. Ile ya kompyuta ilikuwa 115, na kompyuta ni kitu kikubwa, kina nyaya za kila rangi. Hii ni pasi, tena ndogo. Na 110 ni chini zaidi ya 115, kwa hiyo ni salama zaidi. Leo hii mama mkwe ataona kwa macho yake pasi isiyokula luku ikoje, na ile ya Bimdogo itajulikana ilivyo.

Shahd nimempeleka kwa jirani. Bangili nimevua. Ndala za mpira nimevaa.

Na udi safari hii nimeuwasha kabla.